Msiba wa Babu Aliye Hai

Babu yangu nilimuua siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni na ufagio mkononi. Sikupanga. Ndugu wengine wote nilikuwa nimeshawamaliza.

Ngoja nieleze vizuri, maana nimechoka kueleweka vibaya. Mama yangu, Leonia, ni fundi cherehani hapa Bangwe, tena fundi mzuri. Watu wanatoka Mwanga na Ujiji kumletea vitenge. Lakini kuna vipindi Mama anazima. Sina neno jingine. Analala amegeukia ukutani, haongei, hali, haogi, ukimwita mara kumi anakutazama mara moja halafu anarudi ukutani. Wiki moja, wiki tatu, mwaka jana miezi miwili. Kisha siku moja anaamka, anaomba maji ya moto, anakaa kwenye cherehani, na yaliyopita hatuyazungumzii kabisa. Imekuwa hivyo tangu nikiwa darasa la sita. Sasa niko kidato cha tatu, nina miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo anayefungua mlango na kuwajibu wateja ni mimi. Baba alivuka ziwa kwenda Kalemie kutafuta maisha. Maisha ameyapata, na mke kampata hukohuko.

Mteja aliyeacha kitambaa chake hana dogo. Anataka gauni lake, na ana haki. Kwa hiyo nilijifunza kudanganya. Fundi kudanganya wateja si habari, lakini uongo wa kawaida wa mafundi, mara umeme umekatika, mara uzi umeisha, unakupa siku mbili tu. Mimi nilihitaji wiki tatu. Ukitaka wiki tatu lazima mtu afe. Nilianza na shangazi wa Mama wa Kasulu. Akafuata mjomba wa Kibondo, kisha binamu wa Kagunga ambaye nilimzamisha ziwani na mtumbwi wake. Nilikuwa nawaandika nyuma ya daftari la Jiografia nisije nikamzika mtu mara mbili. Hata hivyo shangazi wa Kasulu alikufa mara mbili, na mteja aliyenishika alicheka tu, akasema ukoo wenu una mashangazi wengi.

Mtauliza kwa nini nisiseme ukweli. Kwa sababu Mama aliniapisha. "Wakijua wataniita kichaa," alisema, "na nguo hawataleta tena, tutakula nini?" Kuna mwaka tulikwenda hospitali, akapewa vidonge, akavimeza miezi miwili, akajisikia vizuri, akaviacha. Ukimkumbusha anasema yeye si mgonjwa, alikuwa amechoka tu. Haya. Na mimi je? Mimi nilikuwa nalala nusu, sikio moja liko chumbani kwake. Darasani nasinzia, mwalimu ananiita mvivu. Kucha nimezila mpaka nyama. Kila asubuhi nafungua mlango wake na kusimama hapo mpaka nione shuka linapanda na kushuka.

Halafu kuna mkasi. Mama ana mkasi mmoja tu wa kukatia nguo, mkubwa, wa chuma, mzito, alioachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Mwezi wa pili, siku moja kabla hajazima, alikuwa ameushika, akaniambia neno moja. Neno hilo silirudii. Tangu siku hiyo mkasi ule nilikuwa naenda nao shule, chini ya madaftari. Kuuficha ndani ni kazi bure, nyumba yetu ina vyumba viwili na Mama anajua kila pembe. Kuutupa ziwani siwezi, akiamka atafanyia nini kazi? Kumpa jirani aniwekee lazima nimwambie kwa nini. Kwa hiyo nikaubeba, miezi minne, begi linanivuta bega, na kila baada ya muda naingiza mkono kuupapasa kama bado upo.

Alhamisi wakapekua mabegi shuleni. Sikatai, walikuwa wanatafuta simu. Wakakuta mkasi. Mwalimu wa nidhamu aliuliza wa nini, nikanyamaza, kwa sababu jibu nililokuwa nalo niliapishwa nisilitoe. Akanirudishia niupeleke nyumbani, pamoja na barua. Barua ilisema kwamba mwanafunzi Frida ni mtoro, anasinzia, amekutwa na silaha, na mzazi wake afike shuleni Jumatatu bila kukosa. Nikionekana tena na mkasi nasimamishwa. Mzazi asipofika nasimamishwa.

Mzazi mwenyewe alikuwa na siku kumi na tisa hajaweka mguu chini isipokuwa kwenda chooni, na tena kwa kushikwa mkono. Ijumaa sikwenda shule. Tangu jana yake alikuwa amekataa hata maji. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwomba radhi, akanywa nusu kikombe. Nikachukua ufagio nitoke nje nikafagie, ili nisilie mbele yake. Hapo ndipo nikamkuta Mama Bariki mlangoni.

Mama Bariki anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu na ana sauti ya kutangazia mnada. Yeye ndiye katibu wa Tufarijiane, kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, na Mama ni mwanachama tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, Mama Bariki."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi? Gauni langu nalitaka leo, kipaimara cha Bariki ni Jumapili ijayo, na wewe usiniletee habari za uzi."

Kichwa changu kilikuwa kitupu. Shangazi, kaputi. Mjomba, kaputi. Binamu yuko chini ya ziwa. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Mama amelala. Tumefiwa. Baba yake Mama."

"Mzee Bonaventura?"

"Ndiyo. Wamemzika jana hukohuko Kasulu. Simu ilichelewa."

Mama Bariki akaweka mkono kifuani. Mdomo wake ukawa mdogo ghafla. "Wamemzika bila kumsubiri mtoto wake wa kumzaa," akasema polepole. "Watu hawa. Pole, mwanangu. Pole sana." Akageuka, akaenda zake karibu anakimbia, na gauni hakulitaja tena.

Mimi nikabaki nafagia, nimeridhika. Kweli, niliridhika. Nilijihesabia wiki tatu.

Kosa langu nililiona saa nane, walipoanza kuingia. Kikundi kina katiba, imeandikwa kwenye daftari kubwa kwa mkono wa Mama Bariki mwenyewe, na katiba inatambua ndugu watano tu: baba, mama, mume, mke na mtoto wa kuzaa. Shangazi na mjomba na binamu unawalilia mwenyewe. Miaka minne nilikuwa nawaua watu ambao katiba haiwatambui, ndiyo maana hakuna aliyekuja. Sasa nilikuwa nimemuua mtu wa kwanza kabisa kwenye orodha.

Waliingia na turubai la bluu, mikeka kumi, masufuria yenye alama nyekundu ya kikundi, kuni, unga wa muhogo, mawese kwenye dumu na samaki aina ya migebuka wa kutosha harusi. Nikasimama katikati ya uwanja nikisema subirini, subirini kidogo, na hakuna aliyenisikia. Bibi mmoja alininyang'anya ufagio. "Kifungu cha sita," akaniambia. "Mfiwa hagusi kazi siku tatu."

Wanne wakaingia chumbani. Nilitaka kuwazuia. Sasa ndiyo mwisho, nikasema, wamemwona. Nywele hazijachanwa wiki tatu, shuka linanuka, midomo imekauka. Nikasubiri waseme.

Mama Bariki akachuchumaa kando ya kitanda. "Leonia," akasema, na sauti sikuijua kama ni yake. "Tumekuja, mama. Tuko hapa." Kisha akawageukia wenzake. "Msimsemeshe. Mtu aliyefiwa hasemeshwi. Chemsheni maji."

Wakambeba na godoro lake mpaka sebuleni. Wakamwogesha, wakamchana, wakampaka mafuta miguu. Inamahoro, mama mtu mzima aliyetoka Burundi zamani na anayeuza mihogo ya kuchemsha pale barabarani, alimkalisha kifuani mwake akamnywesha uji kijiko kimoja kimoja, akimwambia avumilie kwa lugha ya kwao, "Ihangane, mwanangu, ihangane," na kila kijiko akikisubiri kimezwe ndipo alete kingine. Kikombe kizima kikaisha. Mimi kikombe kile kilinichukua siku mbili.

Mnadhani nilifurahi. Nilikasirika. Kwa sababu huyu ndiye Mama yuleyule, kitanda kilekile, kimya kilekile. Mwezi wa tatu Mama Bariki huyuhuyu alisimama kwenye mlango uleule akasema, "Mwambie mama yako aamke, mwanamke halali mpaka saa sita." Wengine walisema ana maringo. Wengine walisema amelogwa na mke wa Kalemie. Kumbe kuogesha mtu wanajua. Kulisha wanajua. Kukaa naye bila kumuuliza maswali wanajua kuliko hospitali. Walichokuwa wanasubiri ni maiti.

Jumamosi mchana wanawake walikuwa nje wanapika, sebuleni tumebaki mimi na yeye. Nilikuwa nampepea kwa karatasi ya mitindo ya magauni. Akafungua macho, na yakanitazama mimi, si ukuta.

"Nani?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza katika siku ishirini.

"Nani nini, Mama?"

"Aliyekufa."

Nikaona machozi yanamshuka kuelekea sikioni, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Siku nzima wanawake wale walikuwa wanamwambia pole ya msiba. Alikuwa anasikia. Nilimwinamia haraka mpaka nikakaribia kumwangukia.

"Hakuna, Mama. Babu ni mzima. Nilimdanganya Mama Bariki kwa ajili ya gauni, wakaja wote. Nisamehe. Nitawaambia sasa hivi waondoke."

Akafumba macho. Kifua kikaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kisha nikadhani anacheka, na mpaka leo sijui. Akanishika kidole kimoja.

"Waache kidogo," akasema.

Basi nikawaacha. Nawaambia hili kwa sababu baadaye wengine walisema nilikuwa na tamaa ya migebuka. Niliwaacha kwa sababu Mama aliniomba, na kwa sababu na mimi nilitaka. Walikuwa wanapokezana. Huyu akichoka anakaa yule. Sikuwa nimejua kwamba kazi ile inaweza kupokezana.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho. Saa kumi wangeanua tanga, wakunje turubai, kila mtu kwake. Tangu asubuhi nilikuwa natembea nyuma yao, na simu ya Mama mkononi, kwa sababu Babu hupiga kila Jumapili na nilitaka niwahi kuipokea nimwambie Mama katoka, kama kawaida. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki. Jumatatu ni barua. Jumatatu ni mkasi. Jumatatu ni mimi na mlango ule.

"Huyu mtoto hajalala siku ngapi?" Inamahoro akauliza hewani, hakumuuliza mtu. Akanivuta kwa mkono, akanilaza kwenye mkeka kandokando ya Mama. "Lala. Mama yako tunaye."

Nilitaka kubisha. Badala yake nililala usingizi ambao sikumbuki nimeulala tangu shule ya msingi. Sikusikia watoto, sikusikia masufuria, sikusikia simu ikilia mkononi mwangu. Kwenye kioo paliandikwa BABA KASULU, lakini Inamahoro hasomi. Akaitoa taratibu vidoleni mwangu asiniamshe, akabonyeza. Simu ile bila spika haisikiki, kwa hiyo iko kwenye spika siku zote.

Kilichoniamsha ni ukimya. Sebule nzima imenyamaza, na sauti ya Babu iko juu yetu, kwa sababu Babu huongea na simu akidhani lazima sauti ifike Bangwe kwa nguvu zake mwenyewe.

"Nimeuliza msiba wa nani?"

"Wa Mzee Bonaventura," Inamahoro akarudia, adabu imemjaa. "Baba yake Leonia."

Tukasikia jogoo anawika upande wa pili.

"Mimi ndiye Bonaventura," Babu akasema.

"Mana yanje, Mungu wangu," Inamahoro akasema, akaiweka simu chini kwenye mkeka kana kwamba imemuunguza.

Watu wote wakanitazama. Nikakaa. Shavu langu lilikuwa na alama za ukili, nilizisikia kwa vidole.

Mama Bariki ndiye aliyeanza. Kumzika mtu mzima ni uchuro, akasema, ni kumwita kifo kwa jina. Ameacha biashara yake siku tatu. Amewatoa akina mama majumbani mwao, wengine wana watoto wachanga. Amekaa hapa anamlilia Mzee Bonaventura kwa machozi yake mwenyewe, na mimi namtazama tu huku nakula. Wengine nao wakaingia. Mmoja akasema ndiyo watoto wa siku hizi. Mmoja akaanza kukunja mkeka huku Mama bado kaukalia upande mmoja.

Nilikuwa nimekusudia kuomba msamaha. Nawaapia nilikusudia. Lakini nilipouona ule mkeka unavutwa, kitu kikanipanda.

"Ni kweli nimedanganya," nikasema. "Hajafiwa. Lakini mtazameni. Yuko vilevile mlivyomkuta Ijumaa, na mlipomkuta mlisema huyu ana uchungu, msimsemeshe, mpeni uji. Hivi ndivyo alivyo tangu nikiwa darasa la sita. Anaumwa. Ni ugonjwa, ana karatasi ya hospitali, ameniapisha nisiseme na mimi nimechoka kutosema. Miaka minne nyinyi mnapita hapo nje mnasema mvivu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayewajibu nyinyi mlangoni. Usiku nakaa macho nisikie kama anapumua."

Nikamalizia, na sauti yangu ilikuwa mbaya, sikuipenda.

"Katiba mnayo hapo. Nisomeeni. Baba nimeshamtumia. Niambieni nimuue nani mwingine ili mrudi kesho."

Mama Bariki akalichukua lile daftari kubwa, akaliweka kwapani, akatoka. Wenzake wakamfuata na masufuria. Turubai lilishuka, uwanja ukawa mweupe. Inamahoro alikuwa wa mwisho. Alimshika Mama mkono akamrudisha chumbani, akamfunika, akaacha sufuria moja ya uji jikoni, akaondoka bila kuniaga.

Simu ilikuwa bado hewani. Tulikuwa tumeisahau.

"Frida," Babu akasema, sasa bila kupiga kelele. "Mwakeye, mjukuu wangu." Ilikuwa jioni, na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini nadhani hakuwa na nyingine karibu.

"Shikamoo, Babu. Nisamehe nimekuua."

"Hilo tutaliongea. Leonia yuko hivyo tangu darasa la sita?"

"Ndiyo, Babu."

"Bibi yako alikuwa hivyohivyo," akasema. "Na sisi tulisema mvivu. Kesho napanda basi la kwanza."

Alidhani ananifariji. Mimi nilibaki nahesabu: Bibi, kisha Mama, kisha nani? Kwetu mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Nilijitazama vidole vilivyoliwa, nikajiuliza kama ugonjwa huu huanzia kwenye vidole. Hilo nalo sikuwa na wa kumuuliza.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimevaa sare. Mama nilimnywesha uji aliouacha Inamahoro, akanywa vijiko vitano, akarudi ukutani. Basi la Babu lisingefika kabla ya saa tano. Mkasi nilikuwa nimeuweka mezani, kando ya cherehani, na barua pembeni yake. Nikienda nao nasimamishwa. Nikiuacha ninamwachia. Nisipokwenda nasimamishwa vilevile. Nikauingiza kwenye begi. Nikautoa. Nikauingiza tena. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kujicheka, na kicheko chenyewe kikanitisha.

Saa moja kasoro mlango ukasukumwa bila hodi. Mama Bariki, na chupa ya chai mkono mmoja, na uso wa mtu aliyemeza ndimu.

"Sijakusamehe," akasema. "Tuanze na hilo."

"Shikamoo, Mama Bariki."

"Marahaba. Nimeongea na marehemu usiku mrefu. Namba alikuwa nayo Inamahoro kwa miaka yote, kumbe wanajuana, basi tu jina lake hakulijua, hakujua kwamba anayemlilia ndiye huyohuyo anayemuuzia mbegu za mihogo. Nimechoka na mtaa huu." Akaweka chupa mezani, akaona barua. Mama Bariki hawezi kuona karatasi iliyoandikwa akaiacha. Akaishika mbali na macho, akaisoma midomo ikicheza. "Mtoro. Anasinzia. Amekutwa na silaha." Akanitazama juu ya karatasi. "Mkasi? Shuleni unakata nini?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa chumba cha Mama, na yalipokwenda, ya kwake yakayafuata.

Aliishusha barua polepole. Akavuta kiti cha cherehani, akakikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ya chini bila msiba.

"Tangu lini unatembea nao?"

"Mwezi wa pili."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanyoosha mkono. Nikafungua begi, nikautoa chini ya madaftari, nikampa. Aliupima uzito kiganjani, akaushika hivyo muda mrefu. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akalisukuma fundo kiunoni.

"Ile katiba niliiandika mimi," akasema. "Peke yangu, siku moja, huku napika. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mtu wa namna hii, na mimi sikujiuliza." Akainuka, akaenda kuchungulia chumbani, akarudi. "Wengine wamenuna, na wana haki, uchuro ni uchuro. Lakini mimi nipo hapa, na Inamahoro anakuja saa tano kunipokea. Babu yako akifika atamkuta. Jumatano tunampeleka mama yako hospitali, na vidonge nitavishika mimi, nione kama ataviacha mbele yangu. Sasa nenda shule."

"Wamesema mzazi aje."

"Nimesoma, si nimesoma? Mwambie mwalimu wako mzazi anakuja saa sita, akishamnywesha mwenzake chai." Nikawa nimefika mlangoni aliposema tena, "Frida. Na gauni langu lile, akiamka, mwambie asinibane kifuani kama mwaka jana."

Nikatoka. Barabara ya kwenda shule inashuka kidogo ndipo inapanda, na pale inapoanza kupanda mkono wangu uliingia kwenye begi wenyewe, kama kawaida. Ukapapasa. Ulikuta madaftari tu. Nikaupapasa tena mpaka chini, kwenye kona, kwenye kijimfuko cha kalamu, ingawa nilijua vizuri kabisa uko wapi. Kisha nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara, nikalia na sare yangu, watu wanapita.

Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akashusha mguu.

"Vipi, dada? Mmefiwa?"

Nikataka kusema ndiyo. Ilikuwa imeshafika mdomoni, mazoea tu, na shangazi mwingine wa Kasulu asingekosekana.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yangu anaumwa."

"Pole," akasema, akawasha pikipiki yake, akaenda.